Dawa za oili za kupunguza moshi: zinatibu nini, na zinaficha nini?

Fundi_Makupa

Swali la "nitie dawa gani gari liache moshi" halikauki humu, na majibu huwa ni majina ya chupa tu. Tuuweke uzi mmoja wenye maelezo, mtu akiuliza tena aelekezwe hapa. Mwenye kupinga apinge kwa hoja.

Anza na rangi. Dawa inayotiwa kwenye oili inahusu moshi wa buluu peke yake, ule unaonuka oili iliyoungua. Moshi mweusi ni petroli au dizeli kuzidi hewa: tazama filta ya hewa, plagi, sensa ya oksijeni, na kwa dizeli, nozo. Moshi mweupe mzito wenye harufu ya utamutamu ni kulanti inayoingia silinda. Na hapa kwetu usikubali kuambiwa eti huo mweupe ni mvuke wa baridi ya asubuhi. Limuru kwenye baridi, sawa. Mombasa, ambako ni nadra hata alfajiri joto kushuka mbali chini ya nyuzi 20, mvuke huwa mwepesi na hupotea upesi. Gari likienda dakika kumi na bado laufuka mweupe, shuku gasketi ya hedi.

Ukishahakikisha ni buluu, jiulize unatoka LINI. Hapo ndipo utajua kama dawa ina kazi ya kufanya au la.

Ukitoka asubuhi unapowasha tu kisha ukaisha, ni vali sili, yaani mpira mdogo unaozuia oili kupita kwenye shina la vali. Usiku kucha oili imeteremka kwenye shina la vali ikakusanyika, ukiwasha inaungua yote kwa mpigo. Ni hivyo hivyo kwenye foleni ya feri Likoni: injini inanguruma mahali pamoja muda mrefu, ukiondoka kuingia feri unawaachia wa nyuma wingu. Dalili nyingine ya vali sili, au gaidi za vali (vibomba ambamo shina la vali huteleza) zilizolika, ni pale unapoteremka kutoka Mazeras mguu ukiwa nje ya akselereta, kisha ukikanyaga tena moshi unaruka. Ukiachia akselereta mvuto ndani ya manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa) huwa mkali, na unaifyonza oili kupitia kwenye vali.

Kinyume chake, gari likiwa safi asubuhi lakini likipanda Mazeras na mzigo lafuka mfululizo mpaka juu, hizo ni ringi za pistoni. Ama zimekwama kwa kaboni, ama zimelika pamoja na silinda. Tofauti ya hayo mawili ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, nitaieleza.

Sasa hizo chupa. Dukani zina majina mengi lakini kazi zake ni tatu.

Kundi la kwanza ni za kuifanya oili iwe nzito. Ukiigeuza chupa inatiririka polepole kama asali. Ndani yake ni polima za kuongeza uzito tu. Oili nzito inapita kwa shida kwenye nafasi iliyolika, kwa hiyo moshi unapungua na hata kelele za injini zinatulia. Hakuna kilichotengenezwa. Polima zenyewe zinakatikakatika kwa msuguano na joto, na moshi unarudi.

Kundi la pili ni za kulainisha mpira wa sili. Vali sili zikiungua joto miaka mingi mpira wake unakauka, unapoteza unyumbufu na haulibani tena shina la vali. Dawa hizi zina kemikali, aghalabu za jamii ya esta, zinazouvimbisha mpira kidogo na kuurudishia ulaini. Hili ndilo kundi ninaloliheshimu, kwa sharti kwamba sili imekauka tu na haijapasuka. Hazifanyi kazi siku hiyo hiyo: zipe kilomita 500 hadi 1,000 za injini moto kabla ya kuhukumu.

La tatu ni za kusafisha. Nyingine hutiwa kwenye oili ya zamani dakika kumi au kumi na tano kabla ya kuimwaga, nyingine huingizwa moja kwa moja kwenye tundu la plagi zikae juu ya pistoni. Hizi ndizo zinazoweza kuzikwamua ringi zilizoshikwa na kaboni. Ringi iliyolika haikwamuliwi, haipo tena ya kukwamua.

Zile za kupunguza msuguano, zenye molibdeni na kadhalika, zina faida zake lakini moshi si kazi yao.

SpeaMwembeTayari

Mwalimu umesema vyema, ila umeruka kitu cha bei rahisi kuliko chupa zote hizo: vali ya PCV.

Ndiyo inayotoa gesi za chini ya pistoni na kuzirudisha kwenye manifoldi zikaunguzwe. Ikikwama wazi, yafyonza oili pamoja na gesi, moshi wa buluu huo. Ikiziba, presha inajaa kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kuisukuma oili kupita kwenye ringi na sili, tena utaona injini imeanza kulowa oili kila pembe. Ichomoe, itikise: yatakikana kulia kakaka. Puliza upande wa injini, hewa ipite. Puliza upande wa manifoldi, isipite au ipite kidogo sana. Ukishaitoa ona na mpira wake, hukauka ukapasuka.

Jaribio jingine la bure: injini ikiwa moto inanguruma, fungua kifuniko cha kutilia oili. Mvuke mdogo si kitu. Kikiwa kinaruka chenyewe na moshi unasukumwa puf, puf, puf kwa mapigo ya injini, gesi zapita ringi. Hapo chupa ya kulainisha sili haikuhusu.

Wateja huja kununua dawa wakiwa hawajaitazama PCV hata mara moja. Mimi huuza vyote viwili, kwa hiyo siwasemei kwa husuda.

Binti_Kisauni

Shukran kwa uzi huu. Naomba niulize ndugu zangu. Premio, injini 1NZ-FE, moshi wa buluu asubuhi tu, sekunde chache. PCV ni mpya. Fundi ashauri nitie galoni nzima ya lita 4 ya 20W-50 pamoja na chupa ya dawa ya ml 400. Ni sawa?

Fundi_Makupa

Dada, usifanye hivyo. Piga hesabu.

1NZ-FE inachukua takriban lita 3.7 ukibadilisha na filta. Galoni nzima tayari imezidisha ml 300. Ongeza ml 400 za dawa, umezidi ml 700. Oili ikipanda kiasi hicho krenki inaanza kuipiga, inafanya povu, na povu halilainishi beringi. Mvuke wake unapanda kwenye PCV unaingia manifoldi, na moshi uliotaka kuuondoa unaongezeka. Kisha lawama inapewa dawa.

Dawa huchukua nafasi ya oili, haiongezwi juu yake. Kwa chupa ya ml 400: tia lita 3.2 za oili, tia dawa, washa dakika mbili filta ijae, zima, ngoja dakika tano hadi kumi mahali tambarare, pima. Kisha ongeza kidogo kidogo hadi karibu na alama ya juu, usiivuke.

Na kwa dalili yako, sekunde chache asubuhi, ni vali sili. Chagua dawa ya kulainisha sili, si ya kuifanya oili iwe nzito. Soma mgongo wa chupa: ikisema tu inapandisha mnato wa oili, iache dukani.

Kilindini_Diff

Kabla hajatia chochote apime kwanza gari lanywa oili kiasi gani. Bila kipimo utabaki na "naona kama imepungua", na macho ya mtu aliyetoa pesa yake huona anachotaka.

Chagua mahali pamoja tambarare, asubuhi kabla ya kuwasha. Jaza hadi alama ya juu. Andika kilomita. Endesha kama kawaida kilomita 1,000, ila chungulia kijiti kila wiki usije ukakausha injini kwa ajili ya utafiti. Mwisho, mahali pale pale, jaza tena kwa chupa yenye alama za mililita mpaka irudi pale. Ulichotia ndicho ilichokunywa. Tia dawa unapobadilisha oili, rudia kipimo kwa oili ya mnato ule ule. Ukibadilisha dawa na mnato kwa pamoja hutajua kilichosaidia ni kipi.

Kwa kulinganisha: Toyota ilipokuwa ikipima injini za 2AZ-FE zilizolalamikiwa Marekani kwa kunywa oili, mpaka uliwekwa kwenye kwati moja, karibu lita moja, kwa maili 1,200, yaani kilomita 1,900 na kitu. Chini ya hapo hawakuhesabu kuwa ni ugonjwa.

Binti_Kisauni

Nimeelewa. Na hiyo 20W-50 yenyewe je?

Mzee_wa_Nozo

Mwanangu, Mombasa ni joto, 20W-50 haina neno. Nambari ya kwanza, ile yenye W, ni ya baridi. Huku hatuna baridi.

VVTi_Bamburi

Mzee wangu, kwa heshima, kwenye W uko sahihi, tatizo ni hiyo 50. Injini za VVT-i, kama hiyo 1NZ-FE ya Binti, zasogeza taimingi ya kemshafti kwa presha ya oili kupitia vijia vyembamba na chujio dogo la vali ya VVT. Oili nzito yachelewa kufika, kemshafti yachelewa kurudi mahali pake, taa ya injini yaja na kodi (namba ya hitilafu) P0011. Injini ilitengenezwa kwa 30. Kupanda hadi 40, yaani 10W-40 au 15W-40, ni hatua ya busara kwa injini yenye umri na yapunguza unywaji kwa njia ile ile ya dawa za kuongeza uzito, tena bila kuchafua mchanganyiko wa kiwanda. Kwa joto la nyuzi 100, oili ya 30 huwa na mnato wa sentistoki 9.3 hadi 12.5, ya 40 yaishia 16.3, ya 50 yaenda hadi 21.9. Ukitia 20W-50 kisha juu yake dawa nzito, hujui umefika wapi.

Jambo jingine: dawa nyingi nzito hazina sabuni za kusafisha injini. Ukitia asilimia 20 ya sampu, umepunguza sabuni za oili kwa moja ya tano. Ringi zilizokwama kwa uchafu ndizo zahitaji sabuni zaidi, wewe wampunguzia mgonjwa dawa.

Mzee_wa_Nozo

Kwa VVT-i nakubali. Kwa injini ya dizeli ya 5L ya Hiace au Corolla ya zamani isiyo na VVT, 20W-50 itaendelea kutiwa na itaendelea kwenda.

Ila wa dizeli wanisikilize, maana hapa kuna hatari ambayo wa petroli hawana. Dizeli haina plagi, inawaka kwa mgandamizo, na oili ya injini kwake ni mafuta kama mafuta mengine. Ringi zikilika sana, au sili ya turbo ikifa, au sampu ikijazwa kupita kiasi na hizo dawa zenu, injini inaweza kuanza kujilisha oili yake yenyewe. Inapanda mzunguko peke yake. Unazima ufunguo, haizimi. Ikiachwa inavunjika.

Ikitokea na gia ni ya mkono: funga breki zote, tia gia ya juu kabisa, achia klachi kwa ghafla izimike. Ikiwa ni otomatiki, ziba mdomo wa hewa kwa ubao au kitu kigumu bapa. Usizibe kwa kiganja, na tambara litafyonzwa ndani. Usisimame ubavuni mwa injini.

Kwa hiyo dizeli yenye turbo ikifuka buluu, kabla ya dawa toa paipu ya hewa itokayo kwa turbo kwenda kwa injini. Ukungu mwembamba wa oili ni kawaida. Ikiwa oili imetuama, shika shafti ya turbo uitikise: ikicheza upande hadi mapanga yaguse nyumba, turbo imekwisha na chupa haitaifufua.

Tudor_Garage_Kijana

Mimi nataka mbinu ya kuloweka pistoni. Wengine watia mafuta taa na dizeli nusu kwa nusu. Yafaa?

Fundi_Makupa

Mafuta taa na dizeli vinalainisha uchafu wa gundigundi, lakini kaboni iliyokauka kwenye mifereji ya ringi haivijali sana. Kemikali ya kuondoa kaboni iliyotengenezwa kwa kazi hiyo ina nguvu zaidi. Utaratibu ni huu, na usiruke hatua.

Injini iwe vuguvugu. Puliza uchafu kwenye visima vya plagi kwa kompresa kabla ya kufungua. Toa koili, toa plagi zote, zipange kwa mpangilio wa silinda. Zitazame: yenye mdomo mweusi uliolowa ndiyo silinda inayokunywa. Oili iliyo nje ya plagi, juu karibu na koili, ni sili ya kifuniko cha vali inavuja, hiyo si ya kuungua, usichanganye.

Zungusha krenki kwa spana hadi pistoni namba moja ifike juu kabisa, kisha robo ya mzunguko zaidi. Kwa injini ya silinda nne zilizo mstari mmoja, pistoni zote zitakuwa karibu usawa mmoja katikati. Tia ml 30 hadi 50 kila silinda kwa bomba la sindano lenye mpira. Ngoja saa mbili tatu, sogeza krenki kidogo mbele na nyuma, ongeza silinda iliyokauka. Silinda inayomeza upesi kuliko wenzake imekwambia jambo. Acha ilale usiku.

Asubuhi, na hapa ndipo watu huvunja injini: kilichobaki juu ya pistoni ni kimiminika, na kimiminika hakigandamiziki. Ukirudisha plagi na kuwasha, konrodi inapinda. Toa fyuzi ya pampu ya petroli, acha koili zikiwa zimechomolewa, funika matundu kwa tambara bila kuinamia juu yake, kisha zungusha kwa stata sekunde tano, mara tatu nne, mpaka dawa isiruke tena. Sigara mbali.

Mwaga oili, maana dawa imeshateremka ndani yake. Filta mpya, oili ya bei nafuu, rudisha plagi, washa. Itafuka kwa dakika kumi na tano au zaidi, mweupe mzito. Tafadhali usiifanyie kazi hii kwenye vichochoro vya Mji wa Kale, watu wanaanika nguo. Macho kwenye taa ya presha ya oili: ikiwaka, zima hapo hapo, uchafu umeziba chujio la pampu kwenye sampu. Ikienda salama, mwaga oili hiyo baada ya kilomita mia chache, tia nzuri.

Kilindini_Diff

Ongezea kipimo cha kompresheni kabla na baada, plagi si zimeshatoka tayari? Betri iwe imejaa, akselereta hadi chini, zungusha mapigo sita saba kila silinda. Kwa 1NZ-FE, nzuri ni karibu PSI 210, isiwe chini ya takriban 155, na tofauti baina ya silinda isipite kama 15.

Ikiwa chini, tia kijiko cha chai cha oili kwenye silinda hiyo, pima tena. Ikipanda sana, ni ringi. Isipopanda, ni vali au gasketi. Na ujue vali sili haionekani kwenye kipimo hiki. Injini yaweza kuwa na kompresheni ya kiwandani na bado yafuka asubuhi kwa ajili ya sili.

Kipimo kikipanda baada ya kuloweka, zilikuwa zimekwama. Kisiposogea baada ya kuloweka mara mbili, acha kununua chupa, weka akiba ya kufungua injini.

SpeaMwembeTayari

Na kwa vali sili, msiogope kuzibadilisha. Seti ya 1NZ-FE ni sili 16, nane za kuingiza na nane za kutoa. Za Toyota za kuingiza ni kijivu, za kutoa ni nyeusi. Usizichanganye.

Hedi haitolewi. Kifuniko cha vali kinatoka, cheni ya taimingi inawekwa alama na kufungwa kwa waya isiangukie chini, kemshafti zinatoka. Pistoni inapandishwa juu kabisa, kisha unaingiza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi, PSI 90 hadi 100, vali zisidondoke. Asiye na kompresa hushindilia kamba ya nailoni kupitia tundu lile kabla pistoni haijafika juu, kisha akazungusha krenki kwa mkono mpaka ikaze. Vikombe vya juu ya vali virudi kila kimoja mahali pake, vina unene tofauti. Ziba mashimo yote ya kurudishia oili kwa matambara, zile koleti ndogo zinazoshika shina la vali zapenda kuingia humo.

Sili ya zamani ikitoka, tikisa shina la vali. Likicheza, gaidi imelika na sili mpya haitadumu.

Binti_Kisauni

Na nikitia dawa ya sili, nitajuaje kuwa sili imepasuka na si kukauka tu?

Fundi_Makupa

Bila kufungua, huwezi kuiona. Ndiyo maana tunapima. Tia dawa mara moja kwenye oili mpya, kilomita 1,000. Moshi wa asubuhi ukipungua na kipimo cha oili kikashuka, sili zilikuwa zimekauka. Kwa mabadiliko yanayofuata tumia oili iliyotengenezwa kwa injini zilizotembea sana, ina hizo kemikali za sili ndani yake kwa kipimo cha kiwanda, huhitaji chupa tena. Moshi ukibaki vile vile, usitie chupa ya pili. Sili iliyovimbishwa kupita kiasi inakuwa teketeke, na kemikali hiyo hiyo inafika kwenye sili ya krenki ya mbele na ya nyuma ambazo zilikuwa nzima.

Likoni_Mainland

Nyongeza fupi kwa wale wa moshi mweupe waliokuja kwa makosa kwenye uzi huu: acheni maji ya kisima kwenye radieta. Ya kwetu mengi yana chumvi, yanakula alumini ya hedi pale pale gasketi inapokaa. Kulanti iliyochanganywa, au maji yaliyotolewa madini. Dawa ya oili hapo haina lake.

VVTi_Bamburi

Wa ukaguzi wa magari wa NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani Kenya) pia wajue hili: kutia dawa nzito usiku wa kuamkia ukaguzi kwaweza kupunguza wingu siku hiyo, lakini kama gari limeunguza oili mwaka mzima, fosforasi iliyo kwenye oili imeshaifunika kataliti (kisafisha moshi kwenye ekzosi) na sensa ya oksijeni. Sensa ikishapotosha kipimo, injini yaongezewa petroli na sasa una moshi mweusi juu ya wa buluu. Ukimaliza kutibu oili, badilisha plagi, soma kodi kwa mashine. P0420 ikikaa hata baada ya hapo, kataliti imekufa.

Tudor_Garage_Kijana

Na yule aliyekwisha kutia 20W-50 na P0011 imekuja?

VVTi_Bamburi

Amwage, atie 10W-40 au 5W-30 na filta mpya. Afungue vali ya VVT iliyo kwenye hedi, bolti moja tu, aioshe, aitazame kama pini yake yateleza anapoipa volti 12 kwa sekunde moja, asiiache muda mrefu itaungua. Chujio lake dogo litolewe na lioshwe pia, mafundi wengi hawajui lipo. Kisha afute kodi na aendeshe. Ikirudi, apime presha ya oili kwa geji kabla ya kununua kitu kingine chochote.